Shimo la Mhanga

Swali ninaloulizwa zaidi hapa Igowole ni hili: "Hivi wanakulipa shilingi ngapi?" Nikijibu kwamba silipwi, mtu ananitazama, anaitazama darubini shingoni mwangu, anaguna. Mzee mmoja wa mtaani kwetu alishakata shauri zamani kwamba natafuta madini na ndege ni kisingizio tu. Tukikutana ananisalimia, "Kamwene," halafu anaongeza kwa sauti ya chini, "umeyapata?"

Huu ni mwaka wa 18 nahesabu ndege kwa kujitolea. Kazi yenyewe haina maajabu. Unatembea, unaona, unaandika jina la ndege, mahali, tarehe na idadi. Nilianza baada ya kusikia habari za Neil na Liz Baker, mume na mke walioishi Iringa na kuendesha mradi wa atlasi ya ndege wa Tanzania. Nchi nzima wameigawa katika miraba ya nusu digrii, yaani karibu kilomita 55 kila upande, na mtu yeyote anayejua anachokiona anaweza kuchangia rekodi zake. Hilo ndilo lililoninasa. Kwamba mstari niliouandika kwa kalamu ya wino kwenye daftari la shule, nikiwa nimelowa ukungu wa Mufindi, unaweza kuwa nukta kwenye ramani ya nchi.

Kwa wale wanaodhani kila kitu kimeshajulikana, huwa nawapa kisa cha kwale wa Udzungwa. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa kambini kwenye milima hiyo, mkoani kwetu humu humu, wakaona miguu ya ndege wasiyemfahamu ndani ya sufuria la kitoweo. Mwaka 1994 ndege huyo akatangazwa rasmi kuwa spishi mpya kwa sayansi. Waliozoea kumla nadhani hawakushangaa sana.

Ndege wangu mimi, lakini, ni mbayuwayu wa bluu. Fasihi yetu imewatendea ndege wachache tu haki: njiwa anapeleka barua, tausi anaringa, bundi analeta msiba, kunguru ni mwoga. Waliobaki wote ni "ndege", basi. Huyu ni mweusi wa kung'aa, na jua likimpiga vizuri anageuka bluu iliyokolea kama wino. Dume ana nyuzi mbili ndefu mkiani. Anaruka chini chini juu ya majani akidaka wadudu, na kiota chake cha tope na nyasi hakijengi mtini. Anakijenga ardhini, ndani ya shimo, mara nyingi shimo lililoachwa na mhanga. Anatufikia mnamo Septemba, nyasi zilizoungua zinapoanza kuchipua, na kufika Aprili ameshaondoka kwenda kando ya Ziwa Viktoria, Uganda na magharibi ya Kenya. Hifadhi ya Ruma, kule Wakenya wanakomtunza sisi huku tukiota moto wa Juni, inajulikana kwa ajili yake.

Kwa hiyo anahitaji nyasi. Sasa nioneshe nyasi Mufindi! Ukielekea Kibao unaingia kwenye chai. Upande mwingine kuna Sao Hill, shamba la miti la serikali lenye zaidi ya hekta 130,000. Katikati hapo ni sisi wananchi, na kila mwenye ekari mbili amepanda misindano au milingoti. Uwanda wa nyasi kwetu unaitwa pori tupu, na pori tupu ni aibu ya mwenye nalo. Ukipanda miti unasifiwa mara mbili, na benki na watu wa mazingira. Mimi si adui wa miti, paa la nyumba yetu ni msindano. Ila nimechoka kusikia "panda miti" ikisemwa kama dua, popote pale, bila mtu kuuliza hapo palikuwa na nini.

Mama mdogo ana mteremko juu ya kinyungu chake cha mahindi na maharage. Kwenye mteremko ule kulikuwa na shimo la mhanga, na jozi moja ya mbayuwayu walizalia humo misimu sita niliyoiandika. Mwaka 2019 akaniambia ameagiza miche.

Nilikwenda kwake jioni. Shikamoo, marahaba, chai, habari za watoto. Nikamweleza yote, hadi Ruma. Akanisikiliza vizuri tu, huku akichambua maharage.

"Mwanangu, huyo ndege wako atamlipia mdogo wako ada ya chuo?"

"Hapana, mama."

"Basi mimi nifanyeje?"

Nilimwomba eneo la kuzunguka shimo tu, pamoja na njia wazi ya kushukia bondeni. Kesho yake akatoka na jembe begani, akapiga hatua 40 kila upande wa shimo, akachomeka vijiti. Hatua zake ni fupi, lakini sikusema neno. Kwingine kote akapanda.

Septemba ile walikuja wakazaa. Iliyofuata pia. Mwaka wa tatu walifika, wakazunguka juu ya shimo siku nne, halafu sikuwaona tena. Misindano ilikuwa imenipita kimo. Mdogo wangu kamaliza chuo. Kila Septemba bado naenda, nakaa mpaka jua linapanda, na kwenye daftari naandika 0 pamoja na tarehe.

Msimu uliopita nilikuwa nyuma ya bodaboda kuelekea Nyololo. Nikamgonga kijana begani asimame. Kwenye kilima cha kushoto, nyasi bado fupi, mbayuwayu wawili walikuwa wanapita chini chini, wanarudi, wanapita tena. Kijana akauliza kuna nini. Nikampa darubini. Akaangalia muda mrefu kuliko nilivyotegemea, kisha akasema, "Kaka, kile kilima kimeshapigwa vigingi."

Ni kweli, vilikuwepo, vimepakwa rangi nyekundu juu. Nikaandika: mbayuwayu wa bluu, 2, dume na jike. Mwenye eneo anaishi Dar es Salaam, na kijana wa bodaboda ameahidi kunitafutia namba yake.