Zipu ya Kujificha

Mama alinifundisha kushona, lakini zipu ya kujificha nilijifunza mwenyewe kwa kuharibu vitambaa. Siri yake ni kuitia kabla ya kuunga mshono ulio chini yake, si baada. Meno yake hujikunja kwa ndani. Huna budi kuyalaza kwa pasi isiyo moto sana, ndipo sindano ipite ubavuni mwake. Sindano ikiyapanda, zipu haifungi. Ikienda mbali, utepe huchungulia nje, na hapo haijifichi tena.

Nilipomshonea mdogo wangu gauni la kuagwa, upande mmoja wa kiuno ulipanda kama nusu sentimita. Usiku ulikuwa umekwenda. Nikasema, nani ataona?

Asubuhi nilimpa Mama alishike, maana macho yake siku hizi hayamsaidii. Alipitisha kidole gumba mgongoni mwa gauni, taratibu, akasimama kiunoni.

“Hapa ulichoka, mwanangu.”

Nikafumua. Safari hii nilipiga bandi kwa mkono kwanza, kazi ambayo miaka yote nimeiita ya wanagenzi. Mama alikaa kando yangu, amenishikia uzi.