Khanga ya Bibi Ilisemaje?

Jamani, mnisamehe kwa kupotea wiki mbili. Nilikuwa nahangaika na khanga.

Dada yangu aliolewa hapa Mwanza mwaka 2004. Siku hiyo bibi, mzaa mama, alijifunga khanga ya bluu iliyokolea yenye maandishi mekundu, akamwambia dada: "Ujumbe wangu nimeuvaa." Na vigelegele vile, nani angesoma? Mwaka uliofuata bibi akafariki, nguo zake zikagawanywa. Juzi juzi dada akanipigia: "Mdogo wangu, wewe si mwandishi wa habari? Nitafutie bibi alisema nini." Mama anakumbuka hivi, mama mdogo anakumbuka vile.

Nikaenda kwake Mirongo, tukafukua VCD za harusi, deki ya zamani ikakubali kuwaka. Bibi huyo, anacheza! Anageuka makusudi, mpiga picha anasogea karibu na yale maandishi. Hapo hapo picha inavunjika vijiboksi, wekundu unamwagika kwenye bluu kama nguo iliyochuja. Kinachouma zaidi, nyuma yake kuna kitambaa cheusi chenye maandishi meupe, nacho kinasomeka vizuri tu.

Nikaanza kuuliza wanaojua. Kumbe jicho la binadamu ni hodari kwa mwanga na giza, kwa rangi ni goigoi. Waliobuni VCD mwaka 1993 walitumia udhaifu huo. Picha ina nukta 352 kwa 288, lakini rangi inahifadhiwa kwa 176 kwa 144 tu, yaani robo. Nyeupe juu ya nyeusi ni tofauti ya mwanga, inapona. Nyekundu juu ya bluu iliyokolea hutofautiana zaidi kwa rangi, ndiyo inayopotea. Halafu diski ina kiwango chake, kama megabiti 1.15 za picha kwa sekunde. Mtu akikaa kimya zinatosha. Bibi akicheza, hazitoshi, mashine inatupa kinachotupika.

Nikapata tumaini: harusi ilirekodiwa kwenye kaseti ndogo ya DV, yenye megabiti 25 kwa sekunde. Zaidi ya mara 20! Nikamtafuta aliyerekodi. Akacheka kwa upole: "Kaka, kaseti zilikuwa ghali. Tukishatoa diski, tunarekodia harusi nyingine."

Sikumlaumu. Hata sisi tulipokabidhiwa VCD tulishangilia, hakuna aliyeuliza kaseti iko wapi. Nikajaribu kuikuza picha kwenye kompyuta. Nikapata vijiboksi vikubwa zaidi. Kilichotupwa wakati wa kubana hakirudi, programu inaweza kubahatisha tu, na mimi sitaki bibi abahatishiwe maneno.

Nilipomweleza dada alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Kwa hiyo bibi alisema. Sisi ndio hatukusoma."

Usidhani haya yaliisha na VCD. Video unayotumiwa leo kwa WhatsApp kwa kawaida imeshabanwa tena njiani. Ya harusi, ya msiba, ya mtoto anayeanza kutembea, omba faili la kwanza kabisa kutoka kwa aliyerekodi, ulihifadhi sehemu mbili.

Na kama bibi yako yupo, mpigie leo. Muulize khanga yake inasemaje. Andika kwenye karatasi.