Pasi ya Shangazi

Wahenga walinena kuwa haraka haraka haina baraka. Methali hiyo nimeiandika katika insha tangu shule ya msingi, na kila mara mwalimu alinipa alama ya vyema. Lakini maana yake niliijua mwezi wa Februari mwaka wa 2025, nikiwa na pasi ya nywele mkononi.

Mpenzi msomaji, mama yangu ni msusi. Ana saluni ya chumba kimoja karibu na steji ya matatu mtaani kwetu, Nakuru. Karo yangu, kodi ya nyumba na unga wa ugali, vyote hutoka katika chumba hicho. Kwa kuwa mimi ni wa shule ya kutwa, kila jioni hupitia hapo nikafagia nywele na kuosha vitana.

Desemba ya 2024 shangazi alikuja kutoka Marekani, akamletea mama pasi ya kunyooshea nywele. Ilikuwa iking'aa kama kioo. Mama alishukuru, akaitia kabatini, akasema, "Hii tutaiangalia siku nyingine." Aliendelea na pasi yake kuukuu. Mimi nikadhani anaogopa vitu vipya. Kumbe!

Mdogo wangu yuko Gredi ya 7. Siku ya Jumatatu alikuwa akariri shairi katika tamasha la drama. Ijumaa jioni mama alipoenda sokoni, tulibaki wawili saluni. Nywele zake ni za kipilipili, nzito na zilizojikunja sana. Yeye alitaka matuta. Nikamwambia, "Wee, utasimama mbele ya majaji na matuta kama mtoto wa darasa la kwanza? Ngoja nikunyooshe uwe nadhifu."

Nilimwosha kichwa, nikamfuta kwa taulo mara mbili tatu, nikaitoa pasi ya shangazi. Plagi yake ilikuwa na meno mawili bapa, haikuingia ukutani. Nikatafuta adapta, nikaichomeka. Maandishi madogo kwenye mkono wa pasi sikuyasoma.

Haikupita dakika mbili. Nilipoibana pasi kwenye nywele za mbele, ilitoa mlio wa tsss, kisha moshi, kisha harufu kama ya manyoya ya kuku yanapobabuliwa. Mdogo wangu akapiga yowe. Nilipoivuta pasi, shungi la nywele likaja nayo. Halafu pa! Giza likaingia saluni nzima.

Nilitetemeka kama unyasi. Mama aliporudi nikamwambia, "Mama, stima imeruka." Mdogo wangu alikuwa ameshika paji lake la uso huku analia. Nilikuwa nimemsihi asiseme, naye hakusema. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo: nilimchoma nywele, na bado nikamfanya anibebee uongo wangu.

Mama aliamini kwamba nyaya za saluni zina hitilafu. Aliogopa moto. Kesho yake, Jumamosi, siku ambayo wateja huwa wengi kuliko zote, hakufungua kazi. Wateja walikuja, akawarudisha mmoja mmoja. Mimi nilikaa nje kwenye stuli nikiwahesabu. Walikuwa 9.

Alasiri fundi wa stima alikuja. Akakagua nyaya, zote zilikuwa sawa, fyuzi tu ndiyo iliyokuwa imeungua. Kisha akaiokota pasi, akaigeuza, akasoma. "Hii ni ya volti 120," akasema. "Stima ya Kenya ni 240. Adapta hubadilisha meno tu, haibadilishi volti. Nani aliichomeka?"

Mama alinitazama. Nikapiga magoti, nikasema yote.

Sikupigwa. Mama alimlipa fundi shilingi 1,000, akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaukunja mkono wa blauzi yake, akanionyesha kovu la kitana cha moto, kile cha zamani cha kupashwa kwenye jiko. "Nilikuwa na umri wako," akasema. "Nywele ya kipilipili haina makosa, mwanangu. Pasi hukopesha tu, jasho huja kudai." Akamketisha mdogo wangu, akamsuka matuta ya kuelekea mbele yaliyofunika lile pengo. Jumatatu alikariri shairi lake bila kukosea neno.

Tangu siku hiyo mama amenifundisha kazi kwa utaratibu. Wasichana wenzangu mtakaonunua pasi, someni volti kwanza: iandikwe 220 hadi 240, au 100 hadi 240. Iwe na kitufe cha kupunguzia joto; mama hapitishi nyuzi 180 hata kwa nywele nzito. Ukiifunga, vibamba vikutane kote, mwanga usipenye katikati, wala visiwe vimebambuka. Kwa nywele fupi, vibamba vyembamba hufika karibu na mizizi bila kuchoma ngozi. Nywele ziwe zimekauka kabisa, kwa sababu maji yaliyomo ndani yake hugeuka mvuke na kuzipasua. Pitisha mara moja, si mara tano. Ukimaliza, chomoa, iache ipoe, uifute mafuta kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri, na usiuzungushe waya kwa kuukaza.

Muhula wa pili mwalimu wa Fizikia alitufundisha jinsi stima inavyoleta joto. Alisema waya uleule ukipewa volti mara mbili, nguvu yake huwa mara nne. Akauliza nani ana mfano. Darasa lilinyamaza. Niliinua mkono, nikasimulia. Wavulana walicheka, nami nikacheka nao kidogo.

Nyumbani hatujamaliza kucheka. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi. Kila mwisho wa mwezi mdogo wangu huniletea rula, akainamisha kichwa, nami hupima lile shungi na kuandika kwenye daftari. Sasa limefika sentimita 5. Juzi nilimwuliza, zikifika urefu wa zile nyingine atataka nimfanyie nini. Akajibu, "Matuta. Lakini mama ndiye atanisuka."