Mlio Tulioupuuza Mombasa Ukatusimamisha Kilifi

Njia ya kutoka Mombasa kwenda Malindi ni ya kilomita 120 hivi, nasi tumeijua tangu zama za kuvuka Kilifi kwa feri, kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991. Ukishaipita Mtwapa hupokewa na minazi ya Kikambala, kisha mkonge wa Vipingo uliopandwa safu kwa safu mithili ya waumini katika swala. Ni njia ya kumtuliza msafiri. Lakini safari tunayoisimulia juma hili, ndugu msomaji, haikututuliza.

Usiku, baada ya swala ya isha, tulipigiwa simu kuwa shangazi yetu wa Malindi ametangulia mbele ya haki, na kwamba maziko ni saa nne asubuhi. Huyu ndiye aliyetushika mkono siku ya kwanza kwenda chuoni. Na alikuwa ametuusia, tena mbele ya watu, kwamba siku yake ikifika tumsalie sisi.

Tuliondoka baada ya alfajiri, mvua ya mwaka ikinyesha, taa zikiwaka na waipa zikipangusa kioo. Gari lilipowashwa lilitoa mlio mkali, kama paka aliyekanyagwa mkia, kisha likanyamaza. Mlio ule haukuwa mgeni. Kwa muda wa wiki mbili mama watoto alikuwa akituambia, "Sheikh, gari hili linalia kila asubuhi." Nasi tulimjibu kuwa ni umande tu.

Tulipovuka daraja la Kilifi tulizima injini tukamngoja binamu yetu aliyekuwa tufuatane naye. Alipofika tukazungusha ufunguo. Injini haikuitika. Tulisikia taka-taka-taka-taka, upesi upesi, na taa za dashibodi zikafifia. Ilikuwa saa moja na nusu.

Fundi tuliyeelekezwa alifungua kazi saa mbili, chini ya mwarubaini kando ya barabara. Alikuwa kijana wa umri wa wanetu. Baada ya salamu tulianza kumweleza kuwa betri ni mbovu na yahitaji kubadilishwa. Akatusikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Maalim, usiniambie gari lina nini. Niambie limelia vipi."

Tukamweleza milio yote miwili, naye akatufundisha kama tunavyowafundisha watoto herufi. Mlio wa taka-taka wa haraka, alisema, ni wa umeme usiotosha: ama betri imechoka, ama vichwa vyake vimeota kutu. Ukisikia "tak" moja nzito kisha kimya, ilhali taa zinang'aa, shuku stata. Ukisikia stata ikivuma peke yake bila injini kuzunguka, kijigia chake hakijashikana na meno ya injini. Ukisikia kusaga kwa chuma juu ya chuma, meno hayo yanakwaruzana. Usiendelee kulazimisha ufunguo, kwani utayala yote. Na ukisikia njuga za chuma kwa sekunde chache gari likiwa baridi, tazama oili kwanza.

"Na ule mlio wa paka?" tukamuuliza.

"Ule ndio uliowaleta hapa," akajibu.

Alifunua boneti akatuonyesha mkanda uliolegea na kupasuka nyufa. Mkanda ule ndio unaozungusha altaneta, na altaneta ndiyo inayoirudishia betri nguvu. Ukiteleza hulia, na unapoteleza betri hutoa bila kurudishiwa. Asubuhi ile tuliidai betri taa na waipa mwendo wa kilomita 60 bila kuilipa. Isitoshe, hewa ya chumvi ya pwani yetu ilikuwa imeviotesha vichwa vya betri ungaunga mweupe wa kijani. Alipoipima kwa mita ilisoma volti 11.8, na betri iliyojaa na kupumzika husoma 12.6 hivi.

Alianza kwa kufungua upande wa hasi, kisha wa chanya. Akaviosha vichwa kwa maji ya moto na magadi, akavisugua kwa msasa, akavifunga kwa kuanza na chanya. Mkanda mpya ulitulazimu kungoja duka la vipuri lifunguliwe saa tatu. Ulipofungwa, akaazima umeme wa gari la jirani kwa nyaya mbili: nyekundu chanya kwa chanya, nyeusi kutoka hasi ya betri nzima hadi kwenye chuma kitupu cha injini yetu, mbali na betri, kwa kuwa betri hutoa gesi inayoweza kulipuka kwa cheche. Gari likawaka bila kulia, na mita ikasoma 14.1. Betri tuliyokuwa tayari kuitupa ingali inafanya kazi hadi leo.

Tuliondoka Kilifi saa nne kasorobo. Tuliupita msitu wa Arabuko-Sokoke na njia ya Gede bila mtu kusema neno. Tulipofika Malindi, watu walikuwa wakirudi kutoka makaburini. Walitungoja kwa kadiri walivyoweza, kisha wakaona maiti haicheleweshwi, nao walikuwa na haki.

Tulimsalia penye kaburi, sisi na binamu yetu na wazee wawili waliobaki nyuma. Swala ni swala, na rehema ya Mola ni pana. Lakini wasia wa shangazi haukutimia kama alivyoutaka, na hatuwezi kuisingizia mvua wala barabara. Mlio ulikuwepo wiki mbili nzima, na mwenye kutuambia alikuwepo.

Njiani kurudi tulimwomba radhi mama watoto. Akatujibu, "Basi kesho asubuhi tulisikilize pamoja." Ndivyo tufanyavyo hadi leo: redio imezimwa, dirisha limefunguliwa, na yeye amesimama mlangoni.

Wabillahi tawfiq.