Ushahidi wa Udongo

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha Sericho nilimkosea adabu mzee mmoja. Tulikuwa tumeketi chini ya mgunga, naye akasimulia kwamba mahali pale, penye miiba mitupu, palikuwa malisho ya nyasi katika ujana wa babu yake. Nikamwuliza mbele ya vijana, "Mzee, shahidi wako ni nani?" Akainama, akajibu, "Mwalimu, mashahidi wangu wamekwisha kufa." Vijana wakacheka, nami nikacheka pamoja nao.

Baadaye, nilipokuwa nikitayarisha somo la kemia, nilitambua kuwa shahidi alikuwako, nasi tulikuwa tumemkalia.

Kaboni yote si ya uzito mmoja. Katika kila atomu 100, karibu 99 ni kaboni 12, na iliyobaki ni kaboni 13, iliyo nzito kidogo. Mimea huivuta kaboni kutoka hewani na huipendelea ile nyepesi. Miti na vichaka huiacha ile nzito kwa wingi. Nyasi za nchi za joto huiacha kwa uchache. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1979 ulionyesha kuwa nyasi za nyanda za chini za Kenya karibu zote ni za namna hiyo. Basi nyasi na migunga ikifa na kuoza, kila mmea huacha alama yake udongoni.

Vijidudu vya udongoni, visivyoonekana kwa macho, hula mabaki hayo na kutoa hewa ya kaboni, kama sisi tunavyopumua. Mtaalamu huikinga hewa hiyo, hulinganisha kaboni nzito na nyepesi, akajua vijidudu vimekula nini. Udongo wa chini, ulio mkongwe, waweza kutoa alama ya nyasi hata mahali palipomea miiba leo. Tena iko kaboni 14, ambayo hupungua kwa nusu kila miaka ipatayo 5,730. Hiyo husaidia kukadiria umri wa mabaki.

Sijaupima udongo wa Sericho, wala siwezi kuapa kwamba mzee alisema kweli. Lakini nilikuwa nimehukumu kabla ya kupima. Nikamwendea, nikamwomba radhi mbele ya vijana wale wale, nikamweleza habari za vijidudu na pumzi yao. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaigonga ardhi kwa fimbo yake.

"Siku utakapokipata chombo hicho, mwanangu," akasema, "anza kuchimba hapa."