Ukwapi, Utao na Spika Mbili

Juzi, hapa Busisi, nilibadilisha nyaya chakavu za spika za sebuleni ili nisikilize kanda ya marehemu kaka yangu akighani mashairi. Sauti yake nzito ikatoka nyembamba, kama ya mgeni. Nikahuzunika, nikidhani kanda imeharibika. Kumbe spika moja niliiunga kinyume, chanya kwenye hasi. Moja iliposukuma hewa, nyingine iliivuta. Mawimbi ya besi yakafutana. Nikageuza nyaya mbili tu, kaka akarejea.

Nikakumbuka niliyoyahimiza darasani: ukwapi mizani 8, utao mizani 8. Leo ningeongeza neno. Vipande viwili visiposukuma maana upande mmoja, shairi hutimiza hesabu, likakosa uzito.