Ngoma Kwanza, Mbio Baadaye

Miaka ya 1980, sisi watoto wa Mutituni tuliteremka Machakos mjini kila Sikukuu ya Jamhuri kwa ajili ya ngoma. Katika Uwanja wa Kenyatta wapigaji walibana ngoma ndefu mapajani, kiongozi akapuliza filimbi, vijana wakapiga sarakasi hadi vumbi likamfikia D.C. jukwaani. Mbio ndefu zilikuwepo, ila za kujaza ratiba. Wakimbiaji, wengi wao peku, walitoka langoni wakashika barabara ya Mumbuni, na hotuba ya Rais ikasomwa wangali njiani. Nimewahi kuona kwenye televisheni sherehe ya Naadam ya Mongolia, watoto wakiendesha farasi nyikani hadi kilomita 30, umati ukikodoa macho upande watakakotokea. Sisi wetu tuliwasahau kabisa.

Halafu ikaja 1993. Cosmas Ndeti, mtoto wa Machakos, alishinda mbio za marathoni za Boston, na mwanawe akaitwa Gideon Boston. Mwaka uliofuata alishinda tena kwa saa 2:07:15, rekodi ya mbio hizo, na 1995 akakamilisha ya tatu. Nchi nzima ilishajua kwamba mbio ni za Wakalenjin; Wakamba tuliachiwa vinyago, ngoma na jeshi. Basi Jamhuri za miaka ile umati ulitoka uwanjani, ukajipanga barabarani. Hata susu, yaani nyanya yangu, ambaye maishani mwake alikimbia kukwepa mvua tu, aliuliza ni nani yuko mbele na ni wa ukoo gani. Wavulana waliokuwa wakigombania filimbi sasa waliwasumbua wazazi kwa viatu.

Lakini wenye mbio hawakukaa. Fedha zilikuwa Ulaya na Marekani, na mawakala walijua kuzifuata. Septemba 2011, Patrick Makau, mzaliwa wa pande za Tala, alipoivunja rekodi ya dunia ya Haile Gebrselassie kule Berlin kwa saa 2:03:38, tulikuwa tumetoroka kanisani tukajazana hotelini mbele ya televisheni. Tulipiga kelele hadi chai ikapoa. Hakuna aliyepata vumbi la mwanariadha huyo.

Siku hizi mji una mbio za hisani: unalipa kwa M-Pesa, unapewa fulana, unakimbia na mabosi wenye vitambi. Sizichukii, nami hukimbia. Wacheza ngoma hukodiwa watuchangamshe kabla ya kuanza, kisha DJ huwazima kwa spika. Mpigaji mmoja aliniambia harusi zinalipa vizuri zaidi, na huko angalau hulishwa.